Reki ya Januari

Kazi yangu ni kuezeka. Nimepanda juu ya nyumba za Bahati kwa zaidi ya miaka 20, kuanzia Kabatini hadi Dundori, na kuna jambo ambalo mwenye nyumba halioni lakini fundi wa paa huliona kila siku: kilicho ndani ya gata.

Januari hii nilikuwa juu ya nyumba ya mteja mmoja karibu na msitu, nikibadilisha mabati matatu yaliyoliwa na kutu. Ukiwa juu pale unaiona Menengai upande mmoja, Ziwa Nakuru likimetameta chini kule, na nyuma yako msitu wa Bahati ukipanda ukingo wa Bonde la Ufa. Nikatia mkono gatani, nikachota konzi ya majani ya saipresi, makavu na mepesi kama ugoro. Nikashuka nayo, nikaiweka juu ya jiwe mbele ya mwenye nyumba na kuwasha kiberiti. Kabla hatujahesabu hadi tatu, ilikuwa imeteketea.

"Hiyo," nikamwambia, "imezunguka nyumba yako yote, na imelala ubavuni mwa ubao wa fasia."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba kwa miaka yote amelala na galoni ya petroli chini ya kitanda.

Simlaumu. Hata mimi sikuzaliwa nikijua haya. Nilifunzwa na jiko la mama yangu.

Jiko la mama

Ilikuwa Februari 2017. Mvua za vuli zilikuwa zimetupita, na mwezi huohuo serikali ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Nyasi za kando ya msitu zilikuwa zimekauka hadi zinavunjika ukizikanyaga.

Mama anaishi ploti chache tu kutoka mpaka wa msitu. Nyumba yake kubwa ni ya mawe ya kuchonga. Jiko lake limesimama peke yake nyuma, kama majiko mengi ya kwetu, na wakati huo lilikuwa la mabanzi. Nililijenga kwa mikono yangu. Vipande vya mabanzi vilivyobaki nilivipanga nyuma ya ukuta nikasema nitakuja kuvichukua wiki ijayo. Wiki hiyo ilichukua miaka minne. Juu ya mabanzi mama aliweka mabua ya mahindi ya ng'ombe, na juu ya mabua kuku walikuwa wakitagia mayai.

Moto ulianzia kichakani, upande wa msitu, adhuhuri ya siku yenye upepo. Nani aliuwasha? Wengine walisema mrina asali, wengine wakasema mchoma makaa. Hakuna aliyekamatwa. Tulikimbia na matawi mabichi, mapanga na majembe. Vijana walipiga ndimi za moto kwa matawi, kina mama wakabeba maji kwa mitungi, na karibu saa tisa tukawa tumeuzima kwenye barabara ya vumbi, hatua zaidi ya 200 kutoka kwa mama. Tukaketi chini, nyuso nyeusi kama masizi, tukipongezana.

Ndipo mtoto akaja mbio: "Jiko la shosho linaungua!"

Tulipofika, ukuta wa nyuma ulikuwa umeshaanguka ndani. Yaliteketea magunia mawili ya mahindi, kuku waliokuwa wakiatamia, na kigoda cha marehemu baba. Nyumba ya mawe ilinusurika kwa sababu jirani mmoja hakwenda nasi mstari wa mbele. Alibaki nyuma na ndoo, akimwagia maji fasia na dirisha lililotazamana na jiko.

Nilikaa siku nyingi nikijiuliza moto ulipita wapi, maana tuliuzima wote mbele ya macho yetu. Jibu lilikuwa rahisi na lenye kuaibisha. Ulipita juu ya vichwa vyetu.

Moto unaoruka

Nina mpwa aliyesoma Londiani, kwenye chuo cha misitu. Nilipomsimulia habari ya jiko hakushangaa hata kidogo. Akaniuliza: "Mjomba, kulikuwa na mikaratusi huko juu?" Nikamjibu ilikuwepo. Akaniambia gamba la mkaratusi huchunika likawa utepe mrefu, na utepe huo ukishika moto upepo huubeba mbali ukiwa bado unawaka. Kipande cha gamba, jani la saipresi, punje ya kaa: hizo ndizo cheche. Cheche moja ikianguka kwenye udongo mtupu hufa. Ikianguka kwenye mabua, unajua kilichotokea kwa mama.

Mpwa wangu huyo ndiye aliyenisimulia habari za Jack Cohen, mtafiti wa idara ya misitu ya Marekani aliyetumia miaka mingi akichunguza kwa nini nyumba fulani huungua na ya jirani hubaki. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kaskazini mwa Kanada, watafiti waliuchoma msitu kwa makusudi, wakiwa wamesimamisha kuta za mbao mbele yake. Moto huo ulikuwa wa kutisha, ule unaoruka kutoka kilele cha mti hadi kilele. Ukuta uliokuwa mita 10 kutoka msituni mara nyingine uliwaka na mara nyingine haukuwaka. Wa mita 20 ulibabuka juujuu tu. Wa mita 30 haukupata hata alama.

Fikiria maana yake. Joto la msitu mzima unaowaka haliwezi kuuwasha ukuta wa mbao ulio mita 30 mbali. Nyumba iliyo mbali kuliko hapo ikiungua, basi imewashwa na kitu kidogo kilichokuwa karibu nayo: gata, rundo la kuni, ua, gunia la makaa chini ya dirisha. Sisi wenyewe ndio tuliokiweka hapo.

Kuna jambo moja zaidi linalotuhusu sisi wa mitelemko. Moto hupanda mlima mbio. Miale yake huinamia nyasi za juu na kuzikausha kabla ya kuzifikia. Wazima moto wana kanuni yao: mtelemko ukiongezeka kwa nyuzi 10, mwendo wa moto huelekea kuongezeka maradufu. Kwa hiyo aliyejenga juu ya kilima asijione amekaa salama kwa kuwa moto uko chini bondeni. Upande wake wa chini ndio unaohitaji kufyekwa zaidi.

Pete tatu za nyumba

Siku hizi nikimaliza kuezeka nyumba, humzungusha mwenyewe nje ya kuta kabla hajanilipa. Namwonyesha pete tatu.

Pete ya kwanza ni hatua mbili kutoka ukutani, kama mita moja na nusu. Hapa pasiwe na kitu kinachoweza kuwaka. Pawe na udongo mtupu, kokoto au simiti. Kuni zisiegemee ukuta, wala mkeka, wala godoro kuukuu, wala viroba. Mabanzi na mbao zilizobaki, fundi azibebe siku hiyohiyo. Nasema haya nikiwa mkosaji niliyetubu.

Katika pete hii ndimo lilimo paa. Gata zisafishwe kabla ya Krismasi na tena katikati ya Februari, maana upepo huzijaza upya. Ukiwa hapo juu, tazama mahali bati linapokalia ukuta. Bati lina mawimbi, ukuta hauna. Kila wimbi linaacha tundu la kutosha panya, na panapopita panya cheche hupita pia, ikaangukie siling'i ya makatoni au magunia. Matundu hayo yazibe kwa udongo wa mfinyanzi au simiti. Palipo na tundu la hewa, weka wavu wa chuma wenye macho madogo, kama ule wa kuzuia mbu. Wa plastiki usikudanganye, utayeyuka. Methali ya ufa na ukuta mimi naijua kwa mikono: ufa wenyewe uko pale juu, na kuuziba ni kazi ya nusu siku.

Nyumba ya mabanzi ina tatizo jingine. Kati ya banzi na banzi mna nafasi, na gamba likiachwa kwenye ubao hukunjuka na kuwa kama karatasi. Libambue gamba lote, kisha kandika udongo ndani na nje. Wazee wetu walikandika nyumba zao vizuri, na udongo hauwaki.

Pete ya pili inafika mita kama 10 kutoka nyumbani. Hapa miti inaruhusiwa, ila iwe na adabu. Pogoa matawi ya chini hadi mita mbili kutoka ardhini ili moto wa nyasi usipate ngazi ya kupandia. Tawi linalolalia paa likatwe. Nyasi ziwe fupi. Zizi na nyasi kavu za ng'ombe zisogezwe mbali, upande ambao upepo wa mchana hautaipeperushia nyumba cheche. Bustani ya sukuma wiki inayomwagiliwa ni ngao nzuri, na viazi vitamu vilivyotambaa hufunika ardhi kwa majani mabichi. Mwenye shamba la mtelemko nina neno naye: fyeka, usikwatue. Ukiuacha udongo uchi, mvua za Aprili zitaupeleka bondeni, nawe utakuwa umeponya jicho ukang'oa jino.

Kisha kuna ua wa saipresi. Huu ndio unaonigombanisha na wateja. Bahati nzima imezungushiwa saipresi, na kwa nje ua unapokatwa vizuri hupendeza kama ukuta wa kijani. Ingiza mkono ndani: ni vijiti vikavu na majani mafu ya miaka kumi. Kwa moto, ua huo ni utambi unaoanzia barabarani na kuishia kwenye kona ya nyumba yako. Sisemi uung'oe wote. Kata mita tano za mwisho zinazokaribia nyumba, weka waya au ukuta hapo, na ua unaobaki upukutishe uchafu wake wa ndani kila kiangazi.

Pete ya tatu inafika mita 30. Hapo hesabu za Wamarekani zinapokutana na ploti zetu huzuka kichekesho. Ploti ya hamsini kwa mia, hesabu ya futi, ni mita 15 kwa mita 30. Ukipima mita 30 kutoka ukuta wako, umeshavuka uzio ukaingia kwa jirani wa kulia, wa kushoto na wa nyuma. Pete yangu ya tatu ni pete ya kwanza ya mtu mwingine. Kwa hiyo naweza kufagia kwangu hadi udongo ung'ae, lakini jirani akiweka mabua ukutani, nimefanya nusu ya kazi.

Ploti ambazo wenyewe hawapo

Jirani mwenye mabua unaweza kuzungumza naye mkinywa chai. Taabu ni yule asiyekuwepo. Pande zetu mashamba mengi yamekatwa vipande na kuuzwa kwa watu wa Nairobi na wa ng'ambo. Wanaweka nguzo na waya, wanaondoka, na nyasi zinamea hadi kiunoni.

Agosti 2023 mji wa Lahaina, katika visiwa vya Hawaii, uliteketea siku moja, na watu wapatao 100 wakafa. Upepo mkali ulisukuma moto kupitia nyasi za kigeni zilizomea kwenye mashamba ya zamani ya miwa yaliyoachwa. Habari hiyo nilipoisikia redioni sikufikiria Hawaii. Nilifikiria ploti tatu zilizo juu ya nyumba ya mama.

Tulilipeleka jambo hilo kwenye baraza la chifu. Mzee wa kijiji alikuwa na namba za simu za wenye ploti kadhaa, wakala wa ardhi akatupa nyingine. Tuliowapigia, wengi wao walifurahi: hawakujua. Tukakubaliana vijana wafyeke, nyasi ziuzwe kwa wafugaji, na mwenye ploti aongeze kidogo cha kuwalipa. Wengine hawakushika simu. Kwao tulifyeka ukanda wa mita chache tu kandokando ya uzio, upande wetu wa waya.

Sheria nayo ina neno. Kenya ina sheria ya zamani ya mioto ya nyasi, Sura ya 327, inayomzuia mtu kuchoma nyasi na vichaka ovyo. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 inakataza kuwasha moto msituni bila idhini. Sheria hiyohiyo ndiyo inayozipa nguvu jumuiya za wakazi za kuhifadhi misitu, zinazofanya kazi na Shirika la Huduma za Misitu. Aliye jirani wa msitu ajiunge na jumuiya yake, maana ndimo walimo wachungaji, warina asali na waokota kuni, watu wanaoingia msituni kila siku na walipo ndipo moto huanzia, au huonekana kwanza.

Kwani mioto hii karibu yote huletwa na binadamu. Kilimanjaro ilipowaka Oktoba 2020 na kupoteza uoto wa takriban kilomita 95 za mraba, shirika la hifadhi za taifa za Tanzania lilieleza kwamba moto ulianzia mahali wapagazi walipokuwa wakiwapashia wageni chakula. Chakula cha mchana tu. Nyandarua, mlima tunaouona ng'ambo ya ukingo, uliwaka Februari 2022. Mlima Kenya uliwaka Machi 2012. Tazama miezi ya kwetu hiyo: Februari, Machi. Moto hauji wakati wowote, una msimu wake kama mahindi, na mkulima anayeujua msimu hashtukizwi.

Kwa anayelazimika kuchoma takataka za shamba, desturi njema ni hii. Waarifu majirani na mzee wa kijiji. Choma asubuhi na mapema, kabla upepo wa mchana haujaamka. Fyeka kwanza mzunguko wa udongo mtupu. Uwe na watu na maji. Usiondoke hadi majivu yapoe, na upoaji haupimwi kwa macho: sogeza mgongo wa kiganja karibu, usikie. Majivu ya jikoni nayo yana siri hiyo. Kaa lililofunikwa na jivu huweza kulala siku nzima na zaidi likiwa hai. Yatie kwenye debe la chuma, yamwagie maji, kisha ndiyo uyapeleke shambani.

Siku yenyewe

Tangu katiba ya 2010, huduma ya kuzima moto ni kazi ya kaunti. Lakini lori lina safari yake kutoka mjini, na barabara zetu mnazijua. Likifika, likute lango pana, matawi yasiyoziba njia, na mtu aliyesimama barabarani kulielekeza. Tangi la maji liwe na koki ya chini inayokubali mpira. Bomba la mgongoni la kupulizia dawa ya viazi, likioshwa vizuri na kujazwa maji, linazima cheche vizuri kuliko ndoo, kwani ndoo humwaga maji yote mahali pamoja.

Moshi ukionekana, toa wazee, watoto na wagonjwa kwanza, mapema, huku njia ikiwa bado inaonekana. Fungulia mifugo. Funga madirisha na milango, ondoa mapazia na vitu vilivyo barazani. Vaa pamba au sufu na viatu vya ngozi. Nailoni huyeyuka ikashikana na ngozi yako. Usikimbilie juu ya mlima kuukimbia moto ulio chini. Ukiambiwa ondoka, ondoka. Mabati nitakuezekea mengine.

Na kama nyinyi ni wengi, msiende wote mbele. Waacheni watu wawili watatu nyuma, wakizunguka nyumba kwa bomba na tawi bichi, wakitazama gata, kuni, zizi. Wabaki hata baada ya moto kuzimwa, kwa saa kadhaa, hadi usiku ikibidi. Gizani cheche huonekana vizuri zaidi. Mwaka ule jiko lilipoungua tulipoteza mchezo kwa sababu tulisherehekea kabla ya kipenga.

Jiko jipya

Jiko la mama sasa ni la mawe, bati limezibwa kila wimbi, na nyuma yake pana kokoto hatua mbili. Kila Januari, watoto wakisharudi shule na wageni wa Krismasi wakishaondoka, naenda kwake na ngazi na reki. Kazi yote inanichukua siku moja.

Mwaka huu nilipanda nikakuta gata safi. Mama, ambaye amepita miaka 80, alikuwa ameshamwita kijana wa jirani akamlipa kwa mayai. Nikashuka nikiwa sina la kufanya, nikazunguka ukuta nikikagua kama askari wa kanjo. Nyuma ya jiko, juu ya kokoto, palikuwa na mzigo wa kuni umeegemezwa ukutani.

"Mama," nikamwita, "na hizi?"

Alitoa kichwa mlangoni, sufuria mkononi.

"Hizo ni za chai yako. Zilete ndani basi, unangoja nini?"

Nikazibeba zote, na vijiti vilivyodondoka nikavifagia kwa reki.